Dharau Ilipoanzia: Kulifumbua Fumbo la Le Mépris

Katika filamu ya Le Mépris, ambayo Jean-Luc Godard aliipiga nchini Italia mwaka 1963, kuna tukio moja lisilofika hata dakika mbili, na karibu yote yanayofuata ni jitihada ya kulielewa. Mtayarishaji wa filamu kutoka Marekani, Jeremy Prokosch, amesimamisha gari lake jekundu aina ya Alfa Romeo, la wazi na lenye viti viwili, katika eneo la studio za Cinecittà jijini Roma. Anamkaribisha Camille, mke wa mwandishi Paul Javal, apande waende nyumbani kwake kupata kinywaji. Nafasi ni ya mtu mmoja tu. Camille anamgeukia mumewe, hataki kwenda, na macho yake yanasema hivyo waziwazi. Paul anamwambia aende, yeye atafuata kwa teksi. Gari linaondoka huku Camille akiliita jina la mumewe. Paul anafika kama nusu saa baadaye, akiwa na maelezo ya ajali ya teksi ambayo hakuna aliyemwomba, na anamkuta mke aliyekwisha kubadilika.

Kwa nini Camille ameacha kumpenda? Paul analiuliza swali hilo kwa upole, kwa hasira, kwa ujanja na hata kwa kofi, na Camille anakataa kulijibu moja kwa moja. Watazamaji wamelijadili kwa zaidi ya miaka 60, na wengi hutoka na jibu la haraka kwamba mume amemtumia mkewe kama chambo ili apate kazi. Jibu hilo si la uongo, ila ni jepesi mno kwa filamu iliyojengwa kwa uangalifu wa namna hii. Ili kulifumbua fumbo, ni lazima mtu aangalie mambo mawili kwa pamoja, yaani ndoa ya Paul na Camille na kazi ya kutengeneza filamu inayoendelea kandokando yake, kwa sababu Godard ameyasuka hivi kwamba kosa linalofanyika upande mmoja ndilo linalofanyika upande wa pili.

Tuanze na jina lenyewe. Mépris kwa Kifaransa ni dharau, na kila msemaji wa Kiswahili anajua kwamba dharau si chuki. Anayemchukia mtu bado anamwona ana uzito fulani wa kuchukiwa; anayemdharau amekwisha kumtoa katika hesabu. Tena dharau kwetu hukaa machoni: mtu hutazamwa kwa dharau, huangaliwa kuanzia utosini hadi kwenye kiatu, bila hata neno moja kusemwa. Kwa Kifaransa neno hilo liko jirani kabisa na méprise, lenye maana ya kukosea, kudhania kitu sicho. Filamu nzima inaishi katika nafasi nyembamba iliyo kati ya maneno hayo mawili, yaani kati ya jicho lililomwona mtu jinsi alivyo na jicho lililomwona vibaya, na mtazamaji hapewi nafasi ya kuchagua kwa urahisi ni lipi kati ya hayo mawili alilo nalo Camille.

Kisa hiki hakukibuni Godard. Kilitoka katika riwaya ya Alberto Moravia iitwayo Il disprezzo, iliyochapishwa mwaka 1954, ambayo Godard aliieleza, kwa maneno yasiyo na shukrani nyingi, kuwa ni riwaya nzuri ya hovyo ya kusomwa safarini kwenye treni. Katika riwaya, mume anaitwa Riccardo Molteni na mke anaitwa Emilia, na mume ndiye anayetusimulia kila kitu mwenyewe. Tunakaa ndani ya kichwa chake, tunapima kila neno la mkewe kwa mizani yake, na tunaanza kumshuku kwa sababu anajitetea kupita kiasi. Godard aliuondoa usimulizi huo. Katika filamu karibu wakati wote hatumo ndani ya kichwa cha mtu yeyote. Tuko nje pamoja na kamera, tunaona migongo, milango, mikono na nyuso zilizotulia. Badiliko hilo ndilo linalolifanya swali la Camille liwe gumu zaidi, kwani riwaya ina msimulizi anayetafuta sababu, ilhali filamu ina kamera tu, na kamera huonyesha kilichotokea bila kuwa na namna ya kusema kwa nini.

Kabla hatujafika kwenye gari jekundu, kuna mazungumzo mafupi ambayo watazamaji wengi huyapita bila kuyatilia maanani. Prokosch anatengeneza filamu kuhusu Odyssey, ule utenzi wa kale wa Homer unaosimulia safari ya Ulysses kurudi kisiwani kwake Ithaca baada ya vita vya Troya. Mwongozaji aliyemwajiri, Fritz Lang, amepiga picha za sanamu za miungu na za bahari, naye Prokosch anaziona hazina biashara. Anataka Paul, mwandishi wa tamthilia aliyewahi kuandika riwaya ya upelelezi, aje kuuandika upya mswada. Paul anasitasita. Prokosch anamwambia kwamba ataifanya kazi hiyo kwa sababu anahitaji fedha, na alipoulizwa amejuaje, anajibu kwamba amesikia Paul ana mke mzuri sana. Maneno hayo yametamkwa kabla Camille hajatokea uwanjani. Mke amekwisha kuingizwa katika mkataba kama sababu ya deni, na Paul, ambaye bado analipia fleti aliyomnunulia, ameyasikia na hakuyapinga. Kisha Prokosch anamwinamisha msaidizi wake, Francesca, anamtumia mgongo wake kama meza na kumwandikia Paul hundi juu yake. Paul anaipokea hundi hiyo na kuitia mfukoni.

Kwa hiyo tunapofika kwenye gari, neno la Paul halianzishi jambo, bali linalikamilisha. Ukilitafsiri neno hilo kwa Kiswahili utaona tatizo lilipo: tofauti kati ya “nenda” na “haya, nenda tu” ni silabi chache, lakini katika hizo chache mtu anaweza kusikia ruhusa, kutojali, heshima kwa uhuru wa mwenzake, au biashara. Paul angeweza kuapa kwamba alimaanisha heshima. Ni mtu wa kisasa, msomi, hataki kuonekana mume mwenye wivu mbele ya wageni. Camille hakuhitaji mume mwenye wivu. Alihitaji mume ambaye angesoma macho yake, na Paul aliyasoma, kisha akayapuuza. Huo ndio usomaji wangu, na ninaona ndio unaoeleza kwa nini Camille hawezi kulitaja kosa. Angelitaja, lingesikika dogo mno, na Paul angepata pa kujitetea.

Historia ya utengenezaji wa filamu hii ina ladha ya kejeli ambayo Godard mwenyewe hakuikwepa. Hadi wakati huo alikuwa anajulikana kwa filamu za gharama ndogo, tangu À bout de souffle ya mwaka 1960, zilizopigwa mitaani kwa kamera nyepesi, nazo zilikuwa miongoni mwa kazi zilizolipa sifa lile kundi la vijana wa Ufaransa lililoitwa Wimbi Jipya. Safari hii alipewa skrini pana, rangi, nyota mkubwa kuliko wote wa Ufaransa, Brigitte Bardot, aliyemwigiza Camille, na watayarishaji watatu: Mfaransa Georges de Beauregard, Mwitaliano Carlo Ponti na Mmarekani Joseph E. Levine, ambaye alikuwa amechuma fedha nyingi kwa kusambaza Marekani filamu ya Kiitaliano kuhusu Hercules. Walipoiona kazi aliyoileta, watayarishaji walilalamika kwamba wamemlipa Bardot fedha nyingi na hawaoni mwili wake vya kutosha. Wakadai picha za utupu ziongezwe.

Godard aliziongeza, na namna alivyoziongeza inafaa kuchunguzwa. Karibu na mwanzo wa filamu, Camille amelala kitandani kifudifudi kando ya mumewe, na anamwuliza kuhusu mwili wake kiungo kwa kiungo: kama anaiona miguu yake kwenye kioo, kama anavipenda vifundo vyake, magoti yake, mabega yake, uso wake. Mwanga ni mwekundu, halafu wa kawaida, halafu wa buluu. Paul anajibu ndiyo kwa kila swali, na mwisho anasema anampenda kabisa, kwa upole, kwa msiba. Watayarishaji walipata walichokitaka, lakini walikipata kimekatwakatwa na kuorodheshwa kama bidhaa kwenye ankara, kikiwa na rangi zinazomkumbusha mtazamaji kwamba hapa kuna taa na vichujio na watu wanaofanya kazi. Tena, bila wao kukusudia, waliipa filamu kitu ambacho ingekikosa: dakika chache za ndoa ikiwa bado nzima. Anayerudi kuitazama mara ya pili atatambua kwamba hata katika dakika hizo Camille anauliza na Paul anaitikia tu.

Sinema yenyewe imewekwa mbele ya macho yetu tangu mwanzo. Majina ya waliotengeneza filamu hayaandikwi kwenye skrini, bali yanasomwa kwa sauti ya Godard, huku mpigapicha mkuu, Raoul Coutard, akionekana na kamera yake juu ya reli akimfuata Francesca anayetembea akisoma. Sauti inamalizia kwa maneno inayosema ni ya mhakiki André Bazin, kwamba sinema huweka mbele ya macho yetu ulimwengu unaokubaliana na matamanio yetu. Hapo kuna méprise ya kwanza, kwa sababu maneno hayo hayakutoka kwa Bazin; yana asili katika maandishi ya mhakiki mwingine, Michel Mourlet. Coutard anaigeuza kamera yake polepole mpaka lenzi inatukabili sisi. Kabla hatujamwona mtu yeyote akimtazama mwenzake vibaya, sisi ndio tumetazamwa.

Studio za Cinecittà zilifunguliwa mwaka 1937 chini ya utawala wa Mussolini, na katika miaka ya 1950 zilijaa fedha za Wamarekani waliokuja kupigia huko filamu za kale zenye farasi na makundi ya watu, Ben-Hur ikiwa mojawapo. Katika Le Mépris zinaonekana tupu, kuta zake zimechakaa, na Prokosch anatangaza kwa huzuni ya kujionyesha kwamba huu ni ufalme wake wa mwisho. Ndani ya chumba cha kuonyeshea, chini ya skrini, yameandikwa kwa Kiitaliano maneno yanayohusishwa na Lumière, mmoja wa waanzilishi wa sinema, kwamba sinema ni uvumbuzi usio na mustakabali. Prokosch anakasirishwa na alichokiona, analirusha kopo la mkanda kama mwanariadha wa kale arushavyo kisahani, na Lang anamwambia kwa utulivu kwamba hatimaye ameanza kuuelewa utamaduni wa Wagiriki. Prokosch anasema kwamba kila asikiapo neno utamaduni huchomoa kitabu chake cha hundi. Lang anamkumbusha kwamba zamani, katika miaka ya kutisha, wafuasi wa Hitler walisema bastola badala ya kitabu cha hundi.

Lang si mhusika wa kubuni. Ni Fritz Lang mwenyewe, mzaliwa wa Vienna, mwongozaji wa Metropolis na M, aliyekuwa na umri wa miaka 72 wakati huo. Filamu inataja kisa alichokuwa akikisimulia, kwamba mwaka 1933 Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, alimwomba aongoze sinema ya Ujerumani, naye akaondoka nchini usiku uleule. Wanahistoria wana mashaka na usiku huo mmoja, lakini katika filamu kisa hicho kina kazi maalumu. Prokosch anajibu kwamba sasa si mwaka 1933 bali 1963, na kwamba Lang atapiga kilichoandikwa. Yupo mtu aliyeletewa ofa kubwa akafunga mizigo, na yupo mtu aliyeketi karibu naye mwenye hundi mfukoni. Godard hasemi kwamba Paul ni mwoga. Anamweka tu Paul kwenye chumba kimoja na Lang, na kutuachia macho yetu.

Nje ya chumba hicho, kwenye ukuta, yamebandikwa mabango ya filamu za wakati huo: Psycho ya Hitchcock, Vanina Vanini ya Rossellini, Vivre sa vie ya Godard mwenyewe, na bango moja ambalo macho ya Mswahili hayawezi kuliruka, lenye neno Hatari! kwa herufi kubwa. Ni filamu ya Howard Hawks iliyotoka mwaka 1962, iliyopigwa kaskazini mwa Tanganyika, na ambayo Godard na wenzake waliokuwa wakiandika kwenye jarida la Cahiers du cinéma walimtukuza mwongozaji wake kupita kiasi. Kwa Godard bango lile lilikuwa salamu kwa mwalimu. Kwa msomaji wa Kiswahili ni neno la onyo lililobandikwa karibu kabisa na mahali ambapo mume anakaribia kumwambia mkewe apande gari, na sioni kosa kulifurahia hata kama Godard hakulikusudia.

Ugomvi kuhusu Odyssey ndio sehemu inayowachanganya watazamaji zaidi, kwa sababu inaonekana kama mjadala wa wasomi uliochomekwa kati ya ugomvi wa mke na mume. Ukiupanga vizuri utaona ni ugomvi uleule. Prokosch ana nadharia yake: Penelope, mke wa Ulysses, hakuwa mwaminifu. Ni nadharia ya mtu anayeamini kwamba kila mke ana bei. Paul, akijaribu kuipatia nadharia hiyo sura ya kisomi, anabuni ya kwake: Ulysses hakuchelewa miaka yote ile kwa sababu ya dhoruba na miungu, bali alichelewa kwa sababu hakutaka kurudi, mambo yalikuwa yameharibika nyumbani kabla ya vita, kwani yeye mwenyewe alimshauri Penelope awe mpole kwa wachumba waliokuja kumposa na apokee zawadi zao, na tangu hapo Penelope akamdharau, alipowaua wachumba alikuwa anajaribu kuurudisha upendo uliokufa. Lang anazikataa nadharia zote mbili. Kwake Homer ni ulimwengu halisi kama unavyoonekana, na shairi lile lichukuliwe lilivyo au liachwe.

Katika riwaya ya Moravia, nadharia ya mke anayemdharau Ulysses inasemwa na mwongozaji Mjerumani aitwaye Rheingold, mpenzi wa saikolojia ya Freud, na mume ndiye anayeipinga kwa ajili ya Homer. Godard amezigeuza nafasi hizo, na ninaamini hili ndilo badiliko la maana kuliko yote aliyoyafanya. Sasa ni mume mwenyewe anayeitamka sababu ya dharau ya mkewe, kwa ufasaha na kwa undani, akidhani anazungumzia mtu aliyeishi miaka elfu kadhaa iliyopita. Jibu analolitafuta usiku kucha analo mdomoni. Analitumia kazini, kwenye mswada anaolipwa kuuandika, na hawezi kulitumia nyumbani.

Kati ya watu hawa wote anazunguka Francesca Vanini, msaidizi na mkalimani, aliyeigizwa na Giorgia Moll. Prokosch anazungumza Kiingereza tu, Paul na Camille wanazungumza Kifaransa tu, Lang anazungumza Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza kadiri apendavyo, na pande zote ni Italia. Kila neno linalotoka kwa mwenye fedha kwenda kwa mwandishi linapita kwa Francesca, naye halipitishi jinsi lilivyo. Analifupisha, analipamba, analilainisha, mara nyingine analitangulia. Prokosch anaposema kwamba huu ni ufalme wake wa mwisho, Francesca anamtafsiria Paul kwamba huu ni mwisho wa sinema, na tafsiri hiyo yenye makosa ina ukweli kuliko maneno ya asili. Lakini jambo la kuumiza liko nyumbani. Wageni wasioshirikiana lugha wanaelewana vya kutosha kufanya biashara, ilhali mke na mume wenye lugha moja hawana Francesca wa kuwatafsiria, na kila wanachoambiana kinafika kikiwa kimepotoka.

Toleo lililoonyeshwa Italia lilifanya jambo la kushangaza: sauti zote ziliwekwa kwa Kiitaliano, hata za Prokosch na Lang, muziki wa Georges Delerue ukaondolewa na kuwekwa wa Piero Piccioni, na filamu ikakatwa. Francesca akabaki mwanamke anayerudia maneno ambayo kila mtu amekwisha kuyaelewa. Godard aliliondoa jina lake kwenye toleo hilo.

Sasa tuingie kwenye fleti, mahali ambapo filamu inakaa kwa takriban nusu saa bila kutoka, na ambapo mtazamaji asiye na subira hukata tamaa. Fleti ni mpya na haijamalizika. Kuna mlango wenye fremu ambao kioo chake hakijawekwa. Paul anaufungua na kupita, halafu anarudi na kupenya palepale penye uwazi bila kujisumbua kuufungua. Kila mtu hucheka hapo, na inafaa kucheka, lakini mlango huo unaeleza hali nzima ya nyumba: kuna mipaka isiyofunga kitu, na kuna uwazi ambao hauwezi kupitika. Wanaoga kwa zamu. Paul anakaa ndani ya bafu akiwa na kofia kichwani na sigara mdomoni, akijifanya kama mwigizaji Dean Martin katika filamu ya Kimarekani, na baada ya kuoga anajifunga shuka kama Mrumi wa kale. Camille anavaa wigi fupi jeusi, na ghafla anafanana na mwanamke mwingine. Wanapanga meza, wanaongea kuhusu safari ya Capri, wanagombana, wanapatana kwa dakika moja, wanagombana tena. Camille anahamishia mashuka yake kwenye kochi jekundu.

Siri ya sehemu hii ni kwamba ugomvi wenyewe hauna hoja. Ukiuandika maneno yake kwenye karatasi utapata vijembe vya kawaida ambavyo ndoa yoyote iliyochoka huvizalisha. Maana iko katika nafasi. Skrini pana, ambayo Lang anaikejeli katika filamu kwa kusema inafaa kwa nyoka na mazishi, Godard anaitumia kuonyesha ukuta ulioko kati ya watu wawili: Camille yuko kushoto kabisa chumba kimoja, Paul yuko kulia kabisa chumba kingine, na katikati hakuna kitu ila plasta nyeupe. Tena kuna dakika maarufu walipoketi pande mbili za taa ya mezani. Waongozaji wengi wangekata kutoka uso hadi uso. Godard anaiacha kamera itembee polepole kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine na kurudi, wakati mwingine ikimfikia mtu baada ya neno lake kwisha, huku Paul akiiwasha na kuizima taa. Kamera inafanya kazi ya mkalimani aliyechelewa. Na picha fupi za gari jekundu, za kitanda, za siku njema zinakatiza bila kueleza ni kumbukumbu ya nani.

Wanapotoka ndipo Camille anapolitamka neno. Anasema anamdharau, na kwamba ndiyo maana hampendi tena. Halisemi kwa kelele.

Sehemu ya mwisho inahamia kisiwa cha Capri, kwenye nyumba ya ajabu ambayo mwandishi Curzio Malaparte aliijengesha juu ya mwamba unaoingia baharini, yenye ngazi pana zinazozidi kupanuka kadiri zinavyopanda hadi kwenye paa tambarare lisilo na uzio. Ngazi hizo zimekuwa maarufu kuliko filamu yenyewe. Tamasha la Cannes la mwaka 2016 lilizitumia kwenye bango lake. Hapa Paul anapewa nafasi ya pili. Wakiwa baharini kwenye kazi ya kupiga filamu, Prokosch anamwomba Camille arudi naye kwenye nyumba, na Paul, aliyekaa usiku mzima akiuliza alikosea wapi, anasema tena aende. Ni kosa lilelile neno kwa neno, safari hii bila kisingizio cha kutojua. Baadaye, akiwa juu ya paa, Paul anamwona Camille akibusiwa na Prokosch dirishani, na Camille anajua kwamba anaonekana. Paul anaikataa kazi, lakini amechelewa, kwani hundi ilishafanya kazi yake.

Mara nyingi husemwa kwamba Camille ni Anna Karina, mwigizaji wa Vivre sa vie na mke wa Godard wakati huo, na kwamba wigi jeusi na baadhi ya maneno yametoka katika ndoa yao. Kufanana kupo, hasa kwa anayeikumbuka Vivre sa vie, na Paul naye anavaa kofia aliyopenda kuivaa Godard. Lakini kuisoma filamu kama barua ya siri ya mume kwa mke kunatuondolea jambo gumu zaidi, nalo ni kwamba mume huyo alikuwa pia mwongozaji aliyewakubalia watayarishaji dakika za utupu walizozidai. Kama kuna ungamo hapa, halikuandikwa kwa ajili ya Karina peke yake. Dosari ninayoiona ni kwamba Prokosch, kama Jack Palance alivyomwigiza, ni kikaragosi chepesi mno, na Godard anajipa raha ya kumchukia bila gharama.

Camille anaacha barua. Ameziondoa risasi kwenye bastola ya Paul, na kwa kuwa Paul hataki kuondoka, anaondoka yeye kwa gari la Prokosch kuelekea Roma. Njiani, kwenye kituo cha mafuta, anamwambia Prokosch kwamba atarudia kazi yake ya zamani ya kupiga chapa, na Prokosch anamwona mwendawazimu. Kwa hiyo hakwenda kuwa wa mwanamume mwingine. Alikuwa anakwenda kujitegemea, na hilo Paul hatalijua kamwe. Katika riwaya mke peke yake ndiye anayefariki, wakati dereva anapofunga breki ghafla naye amesinzia. Katika filamu wote wawili wanakufa, na ajali haionyeshwi: tunaona mwandiko wa barua, tunasikia kishindo, kisha gari jekundu likiwa limebanwa kwenye lori la mafuta, na miili miwili imetulia kama sanamu.

Paul anapanda tena kwenye paa kumuaga Lang. Lang anaendelea na kazi, kwa sababu, anasema, inapasa kumaliza kila kilichoanzwa. Picha anayoipiga ni ya Ulysses anapoiona nchi yake kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote. Mwigizaji amesimama akiwa ametupa mgongo, upanga mkononi, na mikono imeinuliwa. Kamera ya Coutard inatembea kandokando ya kamera ya Lang, inampita Ulysses, na kuendelea mpaka mwigizaji anatoka kwenye fremu. Ithaca haipo. Iko bahari tu na mbingu, buluu mbili zilizokutana kwenye mstari mmoja. Msaidizi wa Lang, ambaye ni Godard mwenyewe, anaita watu wanyamaze, na mwingine anarudia kwa kipaza sauti, kwa Kiitaliano: Silenzio.